Turubai la Kijani

Kasongo, Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Daftari langu, niwie radhi. Tangu Pasaka sijaandika neno. Nilipasuliwa jicho la kushoto, na nesi akanikataza kuinamia karatasi au kitambaa mpaka kiangazi kiishe. Ningeweza kumwomba mtu aniandikie, lakini shajara iliyoandikwa na mkono wa mwingine si shajara, ni ripoti. Basi nilinyamaza. Sasa ninaona vizuri kiasi cha kutunga uzi kwenye sindano mwenyewe, na kiangazi kimekwisha. Leo alasiri mawingu yalikusanyika upande wa Kabambare, yakakaa, kisha yakaondoka bila kutoa tone.

Nitaje mapya ya nyumbani. Cherehani, kazi yangu tangu nilipoacha kufundisha, ipo barazani palepale. Anayeshona pamoja nami ni Nsimire, mwanamke wa Bukavu. Mumewe, Mugisho, husafirisha watu na mizigo kwa pikipiki kati ya hapa na Salamabila, kwenye dhahabu. Mwanzoni sikumtaka Nsimire. Watu wanaoifuata dhahabu hawakai mahali, na mtu asiyekaa hamalizi mshono. Lakini nilikuwa na jicho moja, naye alikuwa na mikono miwili.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Mvua ya kwanza. Fupi.

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Mvua tangu alfajiri. Saa nane Mugisho alifika kutoka Kabambare, naye hakuonekana kuwa mtu wala mnyama. Udongo ulimpanda mpaka mapajani, na injini ilikuwa imezibwa kama chungu kilichofinyangwa jana. Alisimama chini ya ngazi kwa sababu ameshajua kwamba sitaki matope barazani.

"Yambo, Mama Mwalimu. Nimekuletea udongo ya Kabambare. Panda mihogo."

Nilimwambia aoge kwanza, kisha afanye mzaha.

Alieleza. Kila pikipiki hapa ina vyuma viwili vilivyopindwa, kulia na kushoto, vya kukinga injini na miguu ya mwendeshaji pikipiki inapoanguka. Vyuma hivyo huzuia jiwe, havizuii maji. Gurudumu la mbele huchota matope na kuyarusha kati ya vyuma hivyo, juu ya injini, juu ya buti, juu ya mgonjwa aliyepakiwa nyuma. Maji yakifika kwenye plagi, injini hukohoa na kuzimika, na mara nyingi huzimika katikati ya kijito.

Nsimire akaacha kushona. "Mama, hatuwezi kuvalisha hivyo vyuma? Tushone kitu ya kufunga pale, mvua isipite?"

Nilijibu kwamba sisi tunashona sare za shule na mavazi ya kanisani, hatuvishi mashine. Nilijibu kwa ukali. Lakini tangu wakati huo nimeinuka kitini mara nyingi kwenda kuitazama pikipiki ile, iliyoachwa uani ikichuruzika, na nimeshika futi mkononi.

Jumanne, tarehe 17 Septemba

Nimeshona kifuniko cha kwanza kwa koti kuukuu la mvua. Kinazunguka vyuma pande zote, kimefungwa mbele na chini, mishono yote ni ya kurudia. Hakuna tone litakalopita. Nimekipenda.

Jumatano, tarehe 18 Septemba

Mugisho alirudi kabla hajatoka mjini. "Mama, umepika injini! Nimesikia harufu ya sombe iliyoungua."

Injini ile hupozwa na upepo wa mbele. Nilifunga mlango wa upepo kwa mishono ya kurudia. Nilipaswa kulifikiria hilo.

Jumapili, tarehe 22 Septemba

Mvua. Katika misa nilichora kifuniko kichwani tangu somo la kwanza mpaka baraka. Nimeungama hilo hapa, nitaliungama tena kwa padri.

Jumatano, tarehe 25 Septemba

Kifuniko cha pili: vipande viwili, kimoja kila upande, mbele pamebaki wazi kama mlango. Chini pana ulimi unaoning'inia ili kurudisha matope ya gurudumu. Nsimire alikata mpira wa ndani wa tairi kuwa mikanda, na akapinda spoki za baiskeli kuwa ndoano, ili mtu akianguka akivue kwa mkono mmoja. Wazo la ndoano ni lake. Upepo ulipita vizuri. Lakini kipande cha kulia kiligusa bomba la moshi, kikayeyuka na kunata. Mugisho alikibandua kwa kisu huku akicheka. Mimi sikucheka. Nahitaji kitambaa kizito kisichoyeyuka, kisichokunywa maji, kisichoraruka kwenye pindo.

Ijumaa, tarehe 27 Septemba

Nimekipata. Abdallah, muuza vitambaa wa sokoni, alikuwa na robota la turubai la pamba lililotiwa nta, la kijani kilichokolea. Nililikunja, nikalinusa, nikalimwagia maji ya chupa pale pale mbele ya watu: maji yalikaa juu kama shanga. Kwa miaka yote niliyoshika mkasi sijawahi kushika turubai zuri namna hii. Nimelichukua robota zima.

Jumamosi, tarehe 28 Septemba

Tumekata siku nzima. Katika pindo moja la turubai palikuwa na herufi nyeusi zilizopigwa kwa muhuri, nusu zimefutika, za kuchukiza machoni. Sitaki maandishi ya ovyo juu ya kazi yangu. Nimelikata pindo lote. Kwa kuwa kitambaa kizuri hakitupwi, vipande vyake nimevikunja ndani ya vishikizo vya mikanda ili kuvipa nguvu. Nsimire aliuliza, "Mama, hizi barua ni za nani?" Kwao herufi huitwa barua. Nikamwambia ashone.

Jumatatu, tarehe 30 Septemba

Kifuniko cha tatu kimefungwa. Tulimwaga ndoo juu yake, kisha ndoo nyingine ya matope. Injini ilibaki kavu. Mugisho aliiwasha, akaizungusha uani akipiga honi, na kuku wote wakakimbilia jikoni.

Jumamosi, tarehe 5 Oktoba

Waendesha pikipiki wanakiita jipe, yaani sketi. Wanapompita Mugisho wanapiga mbinja: "E Mugisho, bibi yako mupya amevaa jipe ya kijani!" Naye huwajibu: "Yenu iko uchi, mvua inamuona!"

Leo watatu kati ya waliopiga mbinja wamekuja kuagiza.

Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Mvua. Vifuniko viwili.

Alhamisi, tarehe 10 Oktoba

Mvua. Vifuniko viwili.

Ijumaa, tarehe 11 Oktoba

Dady, mwenyekiti wa waendesha pikipiki wa hapa, amekuja mwenyewe kutazama. Ni kijana mnene, mwenye sauti ya kutangulia mwili. Alikipapasa kifuniko, akakivuta, karibu akining'inie. "Mwalimu, hii iko kazi ya wazungu."

"Ni kazi ya Kasongo," nilimwambia. "Shusha mguu wako kwenye ngazi yangu."

Anataka pikipiki zote za chama zivae. Nilimwambia kwamba kwanza nitabadili mshono wa ulimi wa chini, maana maji yanapita tundu za sindano na kudondoka ndani ya buti. Dady alisema hakuna mtu aliyelalamika. Mimi nimelalamika.

Niandike pia jambo la Nsimire. Nilidhani hatamaliza mshono. Anapaka uzi nta kabla ya kuutunga, jambo nililowafundisha wasichana wengi na wote wakalisahau. Yeye hakufundishwa na mtu, alinitazama tu.

Jumatatu, tarehe 14 Oktoba

Mugisho ameondoka kwenda Salamabila. Nilimpa vifuniko sita vilivyokunjwa, avipeleke kwa wenzake wa kule wavione. Hakuuomba mzigo huo, mimi ndiye niliyemfungia nyuma ya kiti. Mvua ilikuwa imekatika, na barabara ilitoa mvuke.

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba

Alipaswa kurudi jana. Nsimire anasema ni barabara. Mvua.

Ijumaa, tarehe 18 Oktoba

Mvua. Nsimire ameshona mkono wa sare kinyume. Nimefumua bila kusema.

Jumamosi, tarehe 19 Oktoba

Dady amekuja asubuhi, na safari hii sauti yake ilichelewa kutoka. Mugisho amekamatwa kwenye kizuizi cha askari upande wa Salamabila. Walimsimamisha, wakaona turubai juu ya vyuma, wakaufungua mzigo na kukuta sita mengine. Wanasema ni turubai la mahema ya jeshi. Wanasema turubai hilo huwa na alama pindoni, na kwamba mtu amezikata kwa wembe ili kuficha wizi, maana ukingo unaonyesha mkato mpya. Wamempeleka Kabambare na kumtia kasho, yaani mahabusu.

Nsimire alikaa chini, palepale penye vipande vya kitambaa. Hakulia. Alinitazama.

Dady akasema, "Hawa watu tunawajua. Tuwapelekee pesa ya bia, kesho kutwa Mugisho iko hapa anakunywa chai."

Nilimwambia hapana. Nilisema kwamba turubai lilinunuliwa sokoni, mchana, mbele ya watu, na anayetoa cha kunyamazisha anakiri kwamba ameiba. Nilisema kwamba tukitoa mara moja, kila pikipiki yenye kifuniko itatoa daima. Nilisema kwamba sheria ipo na itafuatwa. Nilisema yote hayo nimesimama, mkono juu ya cherehani, kama mbele ya darasa, na Dady akainamisha kichwa. Alisema, "Weye ndiye fundi. Neno ni lako."

Yote niliyoyasema ni kweli. Lakini sikusema kwamba ni mimi niliyekata alama.

Jumapili, tarehe 20 Oktoba

Sikwenda misa. Goti.

Goti haliumi. Nimeandika uongo ndani ya shajara yangu mwenyewe. Nauacha hapo juu ili niuone.

Jumatatu, tarehe 21 Oktoba

Nimekwenda sokoni kwa Abdallah. Meza yake ilikuwa tupu. Jirani akasema amekwenda Nyangwe kuangalia mitumbwi ya bidhaa. Nilirudi nikinung'unika njia nzima: mwoga, mkimbizi, mfanyabiashara. Alasiri akaja mwenyewe barazani, kofia mkononi, amelowa. Hakuwa amekwenda Nyangwe. Alikuwa nyumbani kwake, mlango umefungwa.

"Mama Mwalimu, sitaki uniwaze vibaya. Ile robota niliinunua kwa watu wa mitumbwi. Iko safi ao haiko safi, sikuuliza. Kitambaa kilikuwa kizuri, nikafurahi."

"Muuzaji haulizi mali yake imetoka wapi?"

"Na weye, Mama, uliniuliza?"

Mimi ambaye huuliza kila mtoto amepata wapi peremende, sikuuliza. Maji yalikaa juu kama shanga, na mimi pia nikafurahi.

Hatakwenda Kabambare. Ana wake na watoto, na anaogopa. Alisema hivyo waziwazi, wala hakujifanya shujaa. Nilimpa kiti akae mpaka mvua ipungue.

Jumanne, tarehe 22 Oktoba

Mvua.

Jumatano, tarehe 23 Oktoba

Mvua. Dady amewaambia wote wavue vifuniko. Vimerudishwa kwangu kwenye gunia. Nimewaona wakipita barabarani, miguu imefunikwa na udongo tena, na mmoja alikuwa amembeba mama mjamzito aliyejifunika mfuko wa plastiki kichwani.

Alhamisi, tarehe 24 Oktoba

Nimefagia baraza mara tatu.

Jumamosi, tarehe 26 Oktoba

Mtu aliyetoka Kabambare anasema Mugisho anaharisha, na kwamba anaulizwa swali lilelile kila siku: nani alikata? Naye hujibu lilelile kila siku: hajui. Lakini anajua. Alikuwa ameketi kwenye ngazi zangu siku ile, anakula karanga, nikikata mbele yake.

Jumatatu, tarehe 28 Oktoba

Nsimire alikuja saa moja asubuhi kama kawaida, lakini hakuvua viatu. Alisimama mlangoni pa baraza. Nitaandika mazungumzo yote, maana sitaki kuyapamba baadaye.

"Mama, leo sikuje kushona."

"Kaa kwanza."

"Sikae. Siku ile Dady alisema tutoe ya bia, weye ukasema hapana. Nikanyamaza. Uko mama, uko mwalimu, nikasema basi, Mama ana njia yake. Nikangoja. Siku ya pili nikangoja. Ya tatu nikangoja. Ulikuwa unangoja nini?"

Nilianza kusema kuhusu sheria.

"Sheria!" Alipiga ukuta kwa kiganja, na mkasi ukaanguka kutoka msumarini. "Kichwa yako ni ngumu, lakini anayelala kwenye sementi ni bwana yangu! Nani alikata zile barua, Mama? Mbele ya macho yangu! Nilikuuliza ni za nani, ukasema nishone. Nikashona. Bwana yangu anajua, na hakutaja jina yako. Basoda ba jeshi banamuuliza kila siku, anasema sijue, sijue. Unajua kwa nini? Alimuambia yule mtu aliyetoka kule, 'Ni mama ya watu, nitamutiaje kwenye midomo ya basoda?' Na weye uko hapa unafagia."

Nilimwuliza kwa nini hakunieleza hayo mapema.

"Nilikuwa nangoja uyaseme weye mwenyewe," alisema. Sauti ilikuwa imeshuka. "Unatufundisha kila kitu. Nikafikiri na hii utatufundisha."

Kisha akauokota mkasi, akautundika mahali pake, akaondoka chini ya mvua bila mwavuli.

Nimekaa barazani mpaka chai ikaweka utando. Nilifikiri juu ya wanafunzi wangu. Kosa la kuandika halikunikasirisha kamwe kama lilivyonikasirisha kosa la kuficha karatasi. Niliwachapa wasichana wadogo kwa kuficha karatasi.

Saa tisa nilimtuma jirani amwite Dady. Nilimwambia nataka kwenda Kabambare.

"Weye, Mwalimu? Kwa pikipiki? Na hii njia?"

"Kuna gari?"

"Hakuna gari."

"Basi usiulize."

Jumanne, tarehe 29 Oktoba

Nimechagua vifuniko viwili kutoka guniani, na wembe mpya. Nimefunga daftari hili ndani ya plastiki. Nilipita kwa Nsimire kumwambia ninakokwenda na kusudi langu. Hakunikaribisha ndani. Lakini tulipokuwa tunaondoka alikuja mbio, akafunga mfuko wa mihogo ya kukaanga kwenye begi langu, na akamwambia Dady, "Ukimuangusha, usirudi."

Tumelala kijijini njiani, kwa Wakristo wenzetu. Siwezi kueleza barabara hii kwa mtu ambaye hakuipita. Si barabara, ni mfululizo wa mashimo yenye majina. Niliwahi kuipita kwa lori nikiwa mwalimu kijana, wakati huo ilikuwa na changarawe. Leo nimeshuka mara nyingi na kutembea matopeni, Dady akisukuma. Pikipiki yake haikuwa imevaa kitu, kwa amri yake mwenyewe, na kila shimo lilinirushia udongo usoni. Katika kijito kimoja injini ilikohoa, ikazimika, maji yakifika kwenye vikanyagio. Dady alitukana, kisha akaniomba radhi.

"Tukana," nilimwambia. "Lakini tukana huku unasukuma."

Alicheka mpaka akakaa majini.

Kabambare, Jumatano, tarehe 30 Oktoba

Tumefika jioni. Ninalala kwa Grâce, mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye duka dogo la chumvi na sabuni. Viungo vyangu vyote vinajitambulisha kimoja kimoja. Kesho.

Alhamisi, tarehe 31 Oktoba

Kapiteni wa askari, aliyeshika jambo la Mugisho, hakuwepo. Tuliketi kwenye benchi mpaka saa kumi. Mvua.

Ijumaa, tarehe 1 Novemba, Watakatifu Wote

Kapiteni alikuwepo. Ni mtu mwembamba, mwenye heshima, buti zake zimefutwa vizuri. Alinipa kiti.

"Mama, weye ni nani ya huyu motari wa pikipiki? Mama yake?"

"Mimi si ndugu yake. Mimi ndiye fundi. Vifuniko hivi nimevishona mimi. Alama nimezikata mimi."

Alimtazama Dady kama mtu anayeuliza iwapo bibi kizee ana akili timamu. Dady alitazama dari.

"Ulizikata kwa nini?"

"Zilikuwa mbaya machoni."

Karani wake alicheka. Kapiteni hakucheka. Alisema kwamba kila mtu anayekuja hapa huleta hadithi, na kwamba mke au mama anaweza kusema lolote ili kumtoa mtu wake. Nani ataamini kwamba mtu amekata muhuri wa jeshi kwa ajili ya uzuri?

Nikamwomba ruhusa, nikatoa kifuniko begini, nikatoa wembe. Askari wa mlangoni alinyanyua bunduki, na kapiteni akamwashiria aishushe. Nilikiweka kifuniko juu ya meza yake na kukifumua kishikizo cha mkanda, uzi baada ya uzi. Mshono wangu ninaujua hata gizani. Nikalikunjua pindo lililokuwa ndani. Herufi nyeusi zilikuwa pale, nusu zimefutika. Nikafumua kishikizo cha pili. Zilikuwepo pia. Nikayaweka mapindo mawili sambamba mbele yake.

"Mwizi angezichoma," nilisema. "Mimi nilizikunja ndani ili kishikizo kiwe imara. Huyo kijana alibeba mzigo niliomfungia. Hakukata, hakununua, hakuuliza."

Kapiteni aliyainamia mapindo. Aliyasogeza kwa ncha ya kalamu. Kisha akasema polepole, na hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya:

"Basi ni ya jeshi kweli, Mama. Mpaka leo hatukuwa na hakika. Weye umetuhakikishia."

"Ndiyo."

"Na hizi barua uliziona."

"Niliziona."

"Na ukakata, ukashona, ukauza."

"Ndiyo. Niliziona na sikuuliza."

"Aliyekuuzia?"

Nilijua swali hili litakuja, na kwa siku mbili za barabara nililiandalia jibu. Nilimjibu kwamba nilinunua sokoni Kasongo, mchana, na kwamba muuzaji naye alinunua kwa watu wa mitumbwi. Jina nilikataa. Nikamwambia kwamba nimekuja kueleza kosa langu, na kosa la mwingine atalieleza mwenyewe akitaka. Alikasirika, akapiga meza mara moja, mapindo yakaruka. Nilikaa nimenyoosha mgongo.

Alitoka nje, akazungumza na watu wake. Aliporudi alisema: kijana atatoka leo. Pikipiki itarudishwa. Vifuniko vitabaki. Lakini mimi sitaondoka Kabambare. Bibi wa umri wangu hawezi kumtia kasho, watu watamcheka. Nitakaa kwa Grâce, na kila asubuhi nitakwenda kujionyesha. Jambo langu atalipeleka kwa wakubwa wake, nao ndio watakaosema kama ni kosa la kusamehewa au la kushtakiwa, na kama cherehani yangu itachukuliwa.

Nilimwambia kwamba ni haki.

Walimtoa Mugisho saa kumi. Amekonda, ndevu zimemwota ovyo, ananuka. Aliponiona alisimama kama siku ile ya Septemba, mbali kidogo, asinichafue.

"Mama Mwalimu. Umekuja na hii mvua yote?"

"Njoo hapa, mwanangu."

Alikuja. Nilimshika kichwa. Kisha nikamwambia, "Kwa nini hukunitaja?"

"Ungefanya nini kwenye kasho, Mama? Ungewafundisha kufagia."

Dady alicheka, mimi nikacheka, na askari wa mlangoni pia.

Jumamosi, tarehe 2 Novemba

Mugisho hakutaka kuondoka. Alisema atakaa nami mpaka jibu litoke, kwamba siwezi kuachwa peke yangu kama mzigo uliosahauliwa kwenye kituo. Nilimwambia kwamba mke wake amengoja vya kutosha. Alibishana mpaka Grâce akatoka jikoni na mwiko. Mwishoni alikubali, kwa sharti kwamba atarudi kunichukua mwenyewe, si Dady wala mtu mwingine. Nimempa neno la kumfikishia Nsimire: amalize sare zilizobaki, na ufunguo wa kabati uko chini ya Biblia. Nilitaka kumpa neno jingine, lakini hilo nitalisema kwa kinywa changu, nikirudi.

Wameondoka saa nne, pikipiki mbili, zote uchi. Mvua iliwakuta kabla hawajafika kwenye kona.

Jumanne, tarehe 5 Novemba

Nimekwenda kujionyesha. Karani aliandika jina langu, akaniuliza hali ya goti langu, ambalo tangu safari linauma kweli. Mvua.

Alhamisi, tarehe 7 Novemba

Nimekwenda kujionyesha. Siwezi kukaa bure. Nimempangia Grâce sabuni zake zote, kisha nikazipanga upya. Barabarani wanapita waendesha pikipiki wa Salamabila, na kila mmoja ninamtazama vyuma vyake, kisha buti zake. Mpira wa ndani wa tairi la lori ungefaa, ukikatwa mapana, ukatobolewa mbele kuacha upepo. Ni mzito na ni mweusi. Mafundi wa magari wa hapa wanaujua, na mtu anaweza kuwauliza kila kipande kimetoka wapi. Nimeanza kuuchora. Kalamu ya Grâce inavuja.

Jumamosi, tarehe 9 Novemba

Kapiteni alinijia mwenyewe dukani leo, akanunua chumvi asiyoihitaji. Alisema wakubwa wamepokea jambo langu na watakutana wiki ijayo. Hakuniambia wanaelekea wapi, nami sikumwuliza. Alipokuwa akitoka aliuliza kama kweli injini ilibaki kavu. Nilimwambia kwamba ilibaki kavu kabisa.

Nafunga daftari sasa, maana siku za kungoja hazistahili wino na kalamu ni ya kuazima. Wakiisha kuamua, nitakaa mezani siku hiyohiyo na kuandika walichokiamua, kwa maneno yao wenyewe, hata kama yatakuwa mabaya machoni.